Makaa Chini ya Ng'ombe

Wiki chache zilizopita niliingia duka moja la pembejeo mjini Nyamira kutafuta mbegu za sukuma wiki, nikatoka bila mbegu na nikiwa nimemkasirisha binti wa watu. Kosa halikuwa langu peke yangu. Yeye ndiye aliyechukua mfuko mdogo uliofungwa vizuri, akaufungua mdomo, akaniambia ninuse.

"Madam, hii ni kitu mpya kabisa," alisema. "Inaitwa bayocha. Unaweka kwa shamba, udongo inapona."

Nikanusa. Ilikuwa harufu ya masizi yaliyolowa maji, na chini yake, kwa mbali, harufu ya mkojo wa ng'ombe. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikashika kaunta, machozi yakinitoka, na yule msichana akaufunga mfuko wake kwa uso wa mtu aliyetukaniwa mama. Nilitaka kumwambia kwamba kitu chake kipya tulilala nacho ukuta kwa ukuta nikiwa darasa la pili, na kwamba nusura nimpokonyeshe mama yangu shamba kwa sababu yake. Lakini watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu, na hadithi yenyewe haisimuliki ukiwa umesimama. Nawasimulia ninyi wa rika langu, mliobebeshwa magunzi ya mahindi mgongoni kabla hamjajua kufunga kamba za viatu. Hamtahitaji kuelezwa sana.

Sokoro, ndivyo tunavyomwita babu kwetu, alimkatia kila mwanawe aliyeoa mkanda wa ardhi unaoanzia njiani juu na kuteremka hadi mtoni. Baba alioa wa mwisho, akapata mkanda mwembamba kuliko yote. Chini kulikuwa na nyumba yetu na migomba. Juu, kando ya njia, ndipo palipokuwa na shamba la mahindi, na hapo ndipo taabu yetu ilipoishi. Mvua za miaka mingi zilikuwa zimekwangua udongo mzuri na kuupeleka mtoni, ukabaki wekundu mgumu wenye changarawe. Tulipaita Getare, yaani mwamba. Jembe likipiga pale lilikuwa linaruka, na mikono ya mama ilikuwa na sugu ambazo mimi na mdogo wangu Kemunto tulikuwa tukizihesabu jioni kabla ya kula.

Baba alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chai Kericho na alikuja mwisho wa mwezi, kama alikuja. Kwa hiyo mambo ya shamba yalikuwa kati ya mama na Sokoro, na hao wawili hawakuwa wakizungumza. Msinielewe vibaya, hawakuwa wamegombana. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa kukaa mbali. Baba mkwe haingii nyumba ya mkwewe, hawapeani mkono, hawatazamani usoni. Wengi walizungumza bila taabu ilimradi pawe na umbali kidogo. Sokoro alizidisha. Yeye alisimama njiani na fimbo yake yenye ncha ya chuma, mama akasimama shambani na jembe lake, hatua kumi na tano hivi, kila mmoja akitazama upande wake, na mimi nikawa katikati nikipeleka maneno ambayo kila mmoja alikwisha kuyasikia.

"Mwambie mama yako mahindi yake yamepauka."

Nakimbia. "Mama, Sokoro anasema mahindi yako yamepauka."

"Mwambie Sokoro nimeona."

Nakimbia tena. Niliipenda kazi hiyo kuliko ninavyoweza kueleza. Nilijiona mtu mkubwa, na sikuwahi kubadilisha neno hata moja.

Mwaka huo, mavuno ya mvua ndogo yalipoingia, Getare ilitupa mahindi ya debe moja na kidogo, na mengi yake ni yale ya kupewa kuku. Sokoro alikuja njiani asubuhi, akitoka kupima chai yake. Aliinua fimbo akaipigiza chini penye Getare. Ilitoa mlio wa chuma na jiwe.

"Mwambie mama yako hapa pamechoka. Nataka kupanda mikaratusi. Kiwanda cha chai kinanunua kuni."

Nilipofika kwa mama na maneno hayo alikuwa ameinama, na hakuinuka mara moja. Hata mimi nilijua maana yake. Mkaratusi ukishaingia shambani hautoki, na chini yake hapaoti hata mboga ya managu. Tungebaki na migomba tu. Mama alikuwa amekwisha kutuambia kwamba siku Getare itakapokwenda, tutamfuata baba Kericho, tuishi kwenye chumba kimoja cha kambi, naye achume chai ya watu na sisi tuanze shule upya mahali ambapo hatumjui mtu.

"Mwambie Sokoro anipe msimu mmoja," alisema.

Sokoro aliegemeza fimbo kwenye bega. Kisha akaweka kiganja kifuani, kwenye kifungo cha tatu cha koti.

"Msimu mmoja. Mvua kubwa ikija, mahindi yafike hapa. Yasipofika, miche inaingia."

Hii nayo niliipeleka neno kwa neno, na hata kifungo cha tatu nilimwonyesha mama kwenye gauni langu.

Sasa, mama yangu hakuwa msomi. Alikuwa mtu wa kuangalia vitu kwa muda mrefu mpaka chai inapoa. Karibu na nyumba yetu palikuwa na mahali ambapo miaka mingi nyuma mtu alichoma makaa ya kuuza, na hapo mboga ya malenge ilikuwa ikijiotea yenyewe na kutambaa mpaka kwenye paa la choo. Sisi sote tuliichuma tukaila bila kujiuliza. Mama alijiuliza. Siku moja alifukua pale kwa kijiko cha chungu akakuta udongo mweusi, laini, wenye vipande vya makaa na nyungunyungu wanene. Alikaa pale akiwa amechuchumaa mpaka Kemunto akaanza kulia kwa njaa.

Baada ya maneno ya Sokoro alichimba shimo nyuma ya nyumba, lenye umbo la bakuli, upana wake kama meza. Tukatumwa kwa majirani kuomba magunzi. Tukaokota maganda ya maharagwe, matawi ya chai yaliyopogolewa, na vijiti ambavyo hata kuni havikufaa. Mama aliwasha moto juu ya rundo, si chini, nami nikadhani amesahau jinsi moto unavyowashwa. Lakini moto ule haukutoa moshi mwingi. Ulikula ukishuka polepole, na kila magunzi yalipoanza kuvaa majivu meupe mgongoni, mama alitupia mengine juu yake. Alizunguka shimo lile na kijiti chake, uso ukimeta jasho, akizungumza na moto kama anavyozungumza na mtoto mlafi: "Wewe, tulia. Hayo yanatosha. Usimalize." Shimo lilipojaa alimwaga maji ya ndoo tatu kwa mpigo. Mvuke ulipanda, ukatufunika sote, na harufu ile ikaingia kwenye nywele zetu na ikakaa mpaka Sabato.

Yaliyobaki hayakuwa majivu. Yalikuwa magunzi meusi, mepesi, kamili, na vishimo vyake vyote mahali punje zilipokuwa zimekaa. Ukiligonga moja lilitoa mlio kama kikombe. Mama aliyatia kwenye gunia akayapondaponda kwa mchi, akarudia kazi ile kila wiki mpaka msimu wa kulima ukakaribia.

Watu waliona, bila shaka. Mama alikuwa kwenye egesangio, kile kikundi cha wanawake wanaolimiana mashamba kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na wanawake wakiinama pamoja midomo haina kazi nyingine. Mama Bosibori, jirani yetu, alikuwa na ulimi uliochongoka kuliko jembe lake.

"Kerubo," alimwita mama kwa jina lake siku moja, "nasikia unapanda makaa. Yakikomaa utanitengea gunia moja ama utauza yote sokoni Mosocho?"

Wanawake walicheka mpaka wakashika viuno. Mwingine akasema ardhi ikishalishwa makaa haizai tena, inakuwa kama mwanamke aliyelogwa. Mama alicheka pamoja nao, lakini mimi nilikuwa pale nimembeba Kemunto, na nikaona masikio yake yakibadilika rangi. Niliumia sana. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nikitafuta namna ya kumlinda mama yangu, na mtoto anayetafuta namna ya kumlinda mtu ni wa kuogopwa.

Jioni hiyohiyo, baada ya kutoka kwa wanawake wale, mama alibeba makaa aliyoyaponda akayaingiza kwenye banda la ng'ombe. Tulikuwa na ng'ombe mmoja tu, na banda lake lilishikana na ukuta wa chumba tulicholala. Mama aliyamwaga chini, pale ng'ombe anaposimama na kulala, akayasambaza kwa mguu, kisha akatupia nyasi juu. Nilichungulia kupitia mwanya wa ukuta, na nikaelewa. Yaani nikadhani nimeelewa. Mama alikuwa anayaficha. Watu wamemcheka, sasa anaona haya, anayaficha mahali ambapo hakuna mtu atakayeangalia. Nililia kidogo usiku huo, nikasikia ng'ombe akikojoa juu ya siri yetu.

Hakunieleza, nami sikuuliza. Wazazi wetu hawakuwa na desturi ya kueleza, na sisi hatukuwa na desturi ya kuuliza, hilo mnalijua. Kila siku chache aliongeza mengine chini ya ng'ombe, na baada ya wiki kama sita akayakomba yote, mazito, yananata, yananuka, akayapeleka Getare kwa karai. Kila shimo la mahindi lilipata mkono mmoja. Mengine aliyoyaponda baadaye, ambayo hayakuwa yameingia bandani, yalibaki kwenye gunia nyuma ya ghala.

Mvua ikaja. Mahindi yakaota. Na hapo ndipo nilipoingia mimi.

Mistari mitano ya kwanza ilikuwa inapakana na njia. Sokoro hakuingia shamba la mke wa mwanawe. Aliangalia akiwa njiani, kwa hiyo alichokiona ni hiyo mistari mitano. Nilipiga hesabu zangu za darasa la pili. Makaa ni mazuri, mama ameona haya akaweka kidogo, mengine yamebaki yamefichwa nyuma ya ghala. Mistari ya njiani ndipo macho ya Sokoro yanapoangukia. Basi ikila zaidi, itakua zaidi, na kifungo cha tatu kitafikiwa. Kila siku nikitoka shule kabla mama hajarudi kutoka kuchota maji, nilijaza makaa makavu kwenye mfuko wangu wa vitabu, nikaenda nikafukua kando ya kila mche kwa vidole na kuyashindilia kwenye mizizi. Nilikuwa nikiimba. Daftari zangu ziligeuka nyeusi na mwalimu akanichapa, nikavumilia nikijua kitu ambacho mwalimu hakijui.

Baada ya wiki tatu mistari mitano ile ilianza kuwa ya njano. Mwanzoni ncha za majani, kisha jani zima, kisha miche ikasimama palepale kama watoto waliokatazwa kukua. Niliona nikaongeza makaa.

Ijumaa moja Sokoro alisimama njiani muda mrefu. Hakupiga fimbo chini.

"Mwambie mama yako nimeona," alisema. "Kesho ni Sabato, sizungumzi mambo ya shamba. Jumapili anipe jibu lake, nikaagize miche."

Mama alikuwa hatua kumi na tano kutoka pale. Nilipomfikia na kufungua kinywa aliniwekea kiganja mdomoni, taratibu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukataa ujumbe. Siku ya pili kanisani nilikaa kati yake na Kemunto na sikusikia hata neno moja la mahubiri. Mama aliimba kama kawaida, lakini alikuwa amenishika mkono tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, jambo ambalo hakuwa akilifanya tangu nianze shule.

Jumapili asubuhi tulipanda Getare, mimi na yeye. Aling'oa mche mmoja wa njano kwenye mstari wa njiani, akaangalia mizizi. Ilikuwa mifupi, imejikunja, imezungukwa na makaa.

"Sielewi," alisema, na nadhani alikuwa akijiambia mwenyewe. "Haya makaa yalikaa chini ya ng'ombe wiki sita. Yalikunywa mkojo mpaka yakashiba. Nilifanya hivyo makusudi, ndiyo yasije yakaunyang'anya mmea chakula. Sasa mbona yamekauka hivi, kama yametoka shimoni leo?" Akayaponda kwa kidole. "Labda mvua imeyaosha. Labda wale wanawake walisema kweli, nimeiua ardhi. Leo ni huku, kesho itakuwa shamba lote."

Nilisimama pale na jua la asubuhi likinipiga usoni. Yalikunywa. Yalikuwa yakinywa. Hakuwa ameyaficha hata siku moja.

"Nenda kwa Sokoro," mama alisema bila kuniangalia. "Mwambie nimekubali. Mwambie alete miche yake."

Kutoka Getare hadi kwa Sokoro ni mwendo wa kukojoa na kurudi, lakini siku hiyo ulikuwa mrefu kuliko njia ya Kisii mjini. Nilikuwa nimebeba ujumbe ambao ningeufikisha neno kwa neno, kama kawaida yangu, tungekuwa Kericho kabla ya kuvuna. Na ningesema ukweli, sikujua nani angenichapa kwanza. Niliogopa kipigo, ndiyo, lakini kilichonitisha zaidi ni kwamba mama angejua ni mkono wangu uliofanya yale. Nilisimama mara mbili njiani. Mara ya pili nilikaa chini kabisa.

Sokoro alikuwa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, anakunywa uji wa wimbi katika kibuyu.

"Eh, umekuja. Mama yako anasemaje?"

"Mama amesema..."

"Amesema nini?"

"Sokoro, ni mimi."

"Wewe nini?"

Nikamwambia yote, kutoka kwenye gunia la nyuma ya ghala hadi mfuko wa vitabu, nikilia kamasi mpaka mdomoni. Nikamwambia kwamba makaa ya mama yalikuwa yamekunywa na yangu hayakuwa yamekunywa, na kwamba mistari mingine ya ndani yeye hajaiona kwa sababu anasimama njiani. Hilo la mwisho lilinitoka tu. Hakuna mtoto aliyekuwa akimwambia Sokoro mahali pa kusimama. Alimaliza uji wake, na uji ule haukuwa na mwisho. Kisha akachukua fimbo.

Tulipofika juu mama alikuwa bado amesimama palepale na mche mkononi. Sokoro akasimama njiani.

"Mwambie mama yako asogee kule kwenye mgomba wa kwanza."

Mama akasogea. Na Sokoro akaingia Getare. Alipita mistari mitano ya njano bila kuitazama, akaenda katikati, pale ambapo mahindi yalikuwa tayari yanamfika juu ya magoti, majani yakiwa mapana na rangi ile ya kijani inayoelekea nyeusi. Akainua fimbo akaishusha kama alivyozoea. Nilikunja uso nikingoja mlio. Haukuja. Fimbo ilizama, na alipojaribu kuivuta ikamgomea kidogo. Akaitazama ncha yake, imeshika udongo mweusi. Akainama kwa shida ya mgongo wake, akafukua kwa vidole, akanusa. Akanusa tena. Kisha akarudi kwenye mistari yangu, akachota pale pia, na makaa makavu yakapeperuka kiganjani mwake kama vumbi la barabarani.

Nilisogea karibu naye, tayari kwa kazi yangu. Nilingoja aseme "mwambie mama yako." Hakusema.

"Mke wa mwanangu," alisema kwa sauti, akitazama chini.

Mama alishtuka mpaka mche ukamwanguka. Mimi nilitazama nyuma yangu, nikadhani kuna mtu mwingine.

"Huyu mtoto wako amekuharibia mistari mitano. Mingine asiiguse. Miche yangu nitaipeleka kwingine."

Basi, hayo tu. Akatoka, akashika njia. Alipofika kwenye kona akasimama, akanigeukia mimi, na sauti yake ikarudi kuwa ile ya siku zote:

"Na umwambie mama yako, ng'ombe wangu pia wanakojoa."

Mama alinikimbilia. Nilifumba macho nikingoja kofi, nalo likaja, moja, kwenye makalio, na kabla sijalia alikuwa amenikumbatia. Nilipomweleza nilivyodhani alikuwa anayaficha, akacheka na kulia kwa pamoja, akiniuliza, "Chini ya ng'ombe nilikuwa naficha? Nimfiche nani? Makaa?" Alicheka hadi akakaa chini. Sikumbuki siku nyingine ya utoto wangu niliyofurahi kiasi hicho.

Mistari yangu mitano ilinyweshwa mkojo wa ng'ombe uliochanganywa na maji mengi, kopo kwa kila mche, na kazi hiyo niliifanya mimi peke yangu. Mingine ilifufuka, mingine ikabaki mifupi mpaka mwisho. Ile ya ndani ilikipita kifungo cha tatu hata kabla haijatoa ndevu, na Sokoro alikuja akasimama katikati yake, ikaonekana kofia tu. Siku ya kula mahindi mabichi, mama alituchomea wote mahindi makubwa yaliyojaa. Mimi akanichagulia kutoka mistari ya njiani, yenye urefu wa kidole gumba.

"Haya ni yako," alisema. "Wewe ndiye uliyeyalisha."

Msimu uliofuata makaa yalitandazwa kwenye banda letu na kwenye banda la Sokoro lenye ng'ombe watatu. Mama Bosibori alikuja kuuliza shimo linachimbwaje, akizungukazunguka maneno kwa nusu saa kabla ya kulitaja. Mama akamwonyesha, na akamwekea gunia moja la magunzi yaliyochomwa. "Si uliniambia nikutengee?" alimwambia. Hawajaacha kutaniana mpaka leo.

Sokoro hayupo tena. Kabla hajaondoka aliwaita wanawe na majirani, akasema mbele yao kwamba Getare ni ya mama na wasichana wake, na asisikie mtu akileta habari ya mwana wa kiume. Alikuwa mkaidi, na mara hiyo nilishukuru.

Siku ile ya dukani, yule msichana aliponiona nimeacha kucheka, alinipa karatasi yenye maelezo. Inasema kwamba makaa ya aina hiyo hayaozi haraka, yanaweza kudumu ardhini vizazi na vizazi, na kwamba kile ambacho kingepanda angani kama moshi na kuharibu hali ya hewa kinabaki kimefungiwa chini, kikishika maji na mbolea. Nilimwomba radhi, nikarudi nyumbani na karatasi yangu, nikapanda Getare na jembe. Sikuhitaji kufukua sana. Chini kidogo nilikuta kipande cha gunzi, cheusi, ukubwa wa kidole, kilichoponyoka mchi wa mama. Vishimo vyake vyote vilikuwepo, mahali punje zilipokuwa zimekaa. Nilikifuta kwa kanga, nikakitazama, nikakirudisha.

Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya miaka mingi iliyopita: nikachimba shimo. Nimechoma magunzi, nimeyaponda, nimeyaweka chini ya ng'ombe wangu. Juzi nikayakomba nikaanza kuyapeleka shambani kwa karai, nikipita mbele ya mama. Siku hizi macho yake hayaoni mbali, hushinda kwenye kiti nje ya mlango akiota jua. Aliinua mkono nikasimama. Akaingiza vidole kwenye karai, akayasugua, akayanusa.

"Hayo bado hayajanywa."

"Mama, yamekaa bandani wiki tatu."

"Nilisema yakae ngapi?"

"Sita."

"Basi yarudishe chini ya ng'ombe, kabla hujaniharibia mistari mingine."

Nikayarudisha.